Ulizeni Tujibu: Jamaika, mahoteli, na njia ya kufika ku maji

Swali: Papa muandishi, jambo. Mimi ni mwanafunzi wa utalii, nakaa Kadutu hapa Bukavu. Mwalimu alitwambia Jamaika iliendelea juu serkali yao ilijua kupanga utalii toka zamani sana. Lakini mimi nikishuka Muhumba kutafuta ziwa naona paka ukuta. Sasa serkali ya Jamaika ilifanya nini kabisa, na raia wao je, wanafika ku bahari?

Jibu: Asante mwanangu. Umeuliza mawili na la pili njo linaniuma, lakini tuanze na la kwanza.

Watalii wa kwanza wa Jamaika hawakuletwa na serkali, waliletwa na ndizi. Kapiteni mmoja wa Marekani, Lorenzo Dow Baker, alianza kubeba ndizi za Jamaika kupeleka kwao mu 1870, meli zinaenda zimejaa zinarudi na nafasi, basi nafasi akaijaza watu waliokimbia baridi, mpaka akawa na hoteli kule mji wa Port Antonio, jina lake Titchfield. Serkali ya Waingereza, wenye kutawala Jamaika wakati ule, ndipo ikaona kumbe mgeni naye ni mazao. Mu 1890 ikatoa sheria ya mahoteli: wewe jenga, ku mkopo serkali inasimama mdhamini. Haraka ilikuwa kubwa juu mu 1891 Kingston ilikuwa na maonyesho ya kimataifa, na wageni walale wapi? Hoteli zikasimama, maonyesho yakaisha, vitanda vikabaki vitupu na deni likarudia serkali. Hapo weka alama mu kaye yako, juu hiyo mambo itarudi.

Mu 1944 ikaja sheria ya kusaidia mahoteli, mu 1955 ofisi ya taifa ya utalii ambayo iko mpaka leo, mu 1968 sheria ingine ya kusamehe hoteli kodi hata miaka 10. Zote zinafanana, zinamtafutia mgeni kitanda na mwenye kitanda zinampunguzia mzigo. Uhuru wa 1962 haukubadilisha hiyo sana, nasema wazi. Michael Manley, waziri mkuu aliyeingia mu 1972, njo alijaribu kugeuza kichwa. Wakati wake wenye hoteli wengi walishindwa na madeni, hoteli zikaangukia tena mikononi mwa serkali, lakini yeye akaongeza neno: matangazo yao ku wageni yakasema sisi ni zaidi ya ufukwe, sisi ni nchi. Hilo neno nalipenda sana. Edward Seaga alipochukua uwaziri mkuu mu 1980 hoteli zikaanza kurudishwa kwa watu binafsi, na ni mu miaka hiyo zile hoteli za kulipa kila kitu mara moja, chakula, vinywaji, michezo, yote ndani ya ukuta, zilishika kabisa. Mgeni analipa akiwa bado kwao, anakula ndani, na mama anayekaanga samaki kando ya barabara anaona tu basi ya hoteli ikipita.

Sasa bahari. Mu 1956, bado koloni, walitunga sheria ya fukwe: ukingo wa bahari ni mali ya Taji, maana yake serkali ya malkia wa Uingereza, na anayetaka kufanya biashara pale aombe leseni. Ukisikia unasema ni vizuri. Lakini raia wa kawaida haikumpa haki ya kufika na kuoga, wavuvi tu waliokuwa wanatumia ufukwe kabla sheria haijatoka ndio walilindwa. Kwa hiyo hoteli inapata leseni, na mtoto aliyezaliwa karibu na maji anatafuta mlango. Mpaka miaka hii watu wanaenda mu tribinali juu ya hiyo.

Na sisi je? Sheria yetu ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya serkali, ni neno moja na lile la Taji. Juzi nilishuka kale kanjia ka Muhumba katikati ya kuta mbili, bega linakwaruza matofali, juu wamepanda vipande vya chupa, mama mmoja anapanda na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba ku paji la uso. Nilirudi nyuma ngazi zote mpaka juu ndio apite, juu hakuna pa kupishana. Avenue nzima inachota kwa hako kanjia.

Ukiandika travay yako ya mwisho, usiandike tu kwamba mu 2019 Jamaika ilipokea wageni zaidi ya milioni 4 na wenyewe hawafiki milioni 3, hiyo ni kweli na ni kubwa, andika pia nani alipewa karatasi ya kufika ku maji. Siku wageni watarudi wengi kuona gorila wa mbuga yetu ya Kahuzi-Biega watataka na ziwa, na njia ya bidoni lazima iwe imechorwa ku plani mbele hoteli ya kwanza haijaomba parsele.

Swali: Mimi ni mupishi wa hoteli, Goma, mwaka wa 9 sasa. Wenzetu wa Jamaika wanapata nini wakizeeka?

Jibu: Walichelewa sana, yaya. Toka 2005 kila abiria anayeingia anachangia mfuko wa utalii, mu 2012 mwenye kuja na ndege akapandishiwa mpaka dola 20. Lakini ni mu 2019 tu bunge lilipitisha sheria ya pansheni ya wafanyakazi wa utalii, na haichagui: mupishi, dereva wa taksi, mwenye kuuza vinyago, hata wa mkataba wa muda mfupi. Hesabu toka ile sheria ya mahoteli ya 1890, ni miaka 129. Peleka hiyo hesabu ku sendika yenu.