Barua kwa mwanangu: pa kufanyia mafunzo kwa vitendo

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako umefika, na nimemsomea mama yako kwa sauti kama ulivyoomba. Unasema hapo chuo kikuu cha SAUT, Malimbe, mwaka wa kwanza wa uhusiano wa umma na masoko unakwisha, na kila mmoja wenu anatakiwa apate pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Wewe umepata pawili: kampuni ya simu Dar es Salaam, yenye posho na ofisi ya kiyoyozi, na kitengo cha mawasiliano cha halmashauri ya wilaya, ambako posho hakuna na kompyuta ni moja kwa watu watatu. Unauliza, "Baba, niende wapi?" Halafu chini kabisa umeongeza, kama jambo la kupita tu, kwamba mhadhiri wenu amewaambia kazi ya afisa uhusiano ni kulinda taswira ya taasisi.

Hilo la chini ndilo lililoninyima usingizi, mimi niliyeifanya kazi hiyo kwenye mamlaka ya maji hadi nilipostaafu.

Simpingi mhadhiri wako. Taswira ipo, na taasisi ikishaipoteza hata jema lake haliaminiki. Lakini mtu akiianza kazi hii na taswira kichwani, siku ya shida atautazama uso wa mkubwa wake kabla hajautazama uso wa mwananchi. Nimewaona wa namna hiyo, tena vijana wazuri, wenye lugha nzuri kuliko yangu.

Likizo ya Pasaka ulinionyesha daftari lako. Mlikuwa mmefundishwa hatua nne za kazi ya uhusiano wa umma za mtaalamu John Marston, za mwaka 1963: utafiti, utendaji, mawasiliano, tathmini. Ulizitaja zote bila kutazama, nikafurahi. Sasa tazama zilivyopangwa. Mawasiliano ni ya tatu. Kabla hujafungua mdomo, uwe umechunguza, na taasisi yako iwe imefanya jambo. Ofisi ngapi nimeziona zikianzia hiyo ya tatu na kuishia hapo hapo! Pampu imekufa, hakuna aliyekwenda kuitazama, lakini karatasi yenye kichwa cha Taarifa kwa Umma imeshachapwa na mhuri umegongwa.

Watu wanavumilia kukosa maji. Kukosa habari za maji hawavumilii. Najua wewe na dada yako mmelisikia hili mezani mpaka mkawa mnanimalizia sentensi, na bado nitalirudia, kwa sababu sijaona siku lilipokuwa si kweli.

Unaukumbuka ule mwaka ukiwa darasa la tano, mlipokuwa mkiamshwa gizani kwenda na madumu kisima cha Misheni? Ninyi mlijua maji yamekatika, basi. Sijawahi kuwaeleza yote.

Mota ya pampu kubwa kule kwenye chanzo iliungua. Fundi mkuu alinipeleka mwenyewe, akaifungua mbele yangu, akaniambia hii haifai tena kusukwa, mpya itaagizwa nje ya nchi, na kwa uzoefu wake tusitegemee maji kabla ya wiki tatu. Nikarudi ofisini nikaandika taarifa fupi. Kilichoharibika. Kinachofanyika. Lini tunatarajia huduma irudi. Visima gani vinafaa kwa sasa. Namba ya kupiga. Hakuna pambo hata moja. Nikaiweka mezani kwa mkubwa wangu.

Jioni ikasomwa redioni. Mota haimo. Wiki tatu hazimo. Visima havimo. Kilichobaki ni hitilafu ya kiufundi, wataalamu wanaendelea na jitihada, huduma itarejea hivi karibuni, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Na chini, kama ilivyokuwa desturi, jina langu.

Ukitaka kujua kwa nini mimi huzima redio nikisikia maneno "hivi karibuni", ni kwa sababu ya yule mama aliyekuwa na genge la chakula stendi, yule wa upatu mmoja na mama yako. Wiki ya pili nikiwa nimekaa kwake, aliniwekea sahani, akavuta stuli akakaa mbele yangu. "Shemeji," akasema, "kila usiku nalala nikijua maji ni kesho. Kila asubuhi nanunua dumu kwa wenye mikokoteni kwa bei wanayojipangia. Mtaji wangu wote nimeunywesha masufuria. Mngesema ni wiki tatu, ningefunga siku ya kwanza, nikaenda kwa dada yangu kijijini, nikarudi na hela yangu mkononi."

Hakupandisha sauti. Hakuuliza nani aliandika, kwa sababu jina alikuwa amelisikia. Alinihudumia chakula kama siku zote na pesa ya ziada akakataa. Genge lile halikufunguliwa tena baada ya maji kurudi. Mama yako alisema amehamia kwa mwanawe Kahama.

Sasa, mkubwa wangu naye alikuwa na hoja, na lazima nimpe haki yake. Nilipomfuata alinijibu kwa utulivu kwamba tukitangaza wiki tatu, wenye mikokoteni watapandisha bei leo leo. Kwamba watu watahamaki wavamie ofisi. Kwamba mota ikiwahi tutakuwa tumewatisha bure. Hoja hiyo nimeibeba miaka yote hii. Kuna siku naiona nzito. Katika mji wenye njaa ya maji neno lako linaweza kupandisha bei, hilo ni kweli kabisa, na afisa asiyelifikiria anacheza na maisha ya watu. Ningekuwa mimi kwenye kile kiti, nikiwa na simu za wizara upande mmoja na za mkuu wa wilaya upande mwingine, sijui ningethubutu kiasi gani.

Lakini bei zilipanda hivyo hivyo, mwanangu. Mwenye mkokoteni alikuwa na shemeji yake mlinzi wa chanzo. Aliijua habari ya mota kabla ya mwandishi yeyote. Hakuihitaji taarifa yetu. Aliyeitegemea taarifa yetu ni yule mama wa stendi, na ndiye aliyefilisika. Kila ninapojaribu kuikubali hoja ya mkubwa wangu, hufika hapo nikakwama.

Nilichofanya mwisho unakijua nusu, kwa sababu mama yako hukitaja akitaka kunisifu mbele ya wageni. Nilikwenda kwa wenyeviti wa mitaa, mmoja mmoja, nikaomba kusimama kwenye mikutano yao. Nikasema mota imeungua, mpya imeagizwa, hesabuni hadi mwisho wa mwezi. Walinizomea mtaa wa kwanza, sikatai. Kisha wakaanza kupanga. Zamu za kisimani zikaandikwa kwenye daftari, wajawazito na wazee wakawekwa mbele. Mwalimu mkuu wa shule yenu akaomba boza la halmashauri lianzie zahanati ndipo lije shuleni. Watu waliopewa tarehe walifanya kazi ambayo ofisi yetu isingeweza kuifanya hata ingetaka. Siku ile nilirudi nyumbani usiku nimechoka kabisa, na sijawahi kuipenda kazi yangu kama siku ile.

Asubuhi yake nilikuta barua ya kujieleza kwa nini nimetoa taarifa bila idhini. Nikajieleza kwa ukurasa mmoja. Jibu halikuja hadi nilipostaafu, na cheo kilichokuwa kikisemwa ni changu kilikwenda kwa mwingine. Nakala iko kwenye lile sanduku la chuma. Siku ukija, isome.

Ndiyo maana ulipoandika kwamba mmefika kwenye Ivy Lee, yule Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hii, nilitaka nijue mmesomeshwa upande gani wake. Najua lazima mmesoma 1906, alipotangaza kwa wahariri wa Marekani kwamba kazi yake inafanywa waziwazi, na treni ya Pennsylvania ilipotumbukia majini Atlantic City mwaka huo huo, akashauri kampuni ya reli iwapeleke waandishi eneo la ajali badala ya kuficha. Watu zaidi ya 50 walikufa pale, na wengi huihesabu taarifa ile kuwa ya kwanza ya aina yake kwa vyombo vya habari. Mimi naiheshimu. Lakini soma na 1914, Ludlow, Colorado. Wachimba makaa ya mawe walikuwa kwenye mgomo, wakikaa kwenye mahema na familia zao; kambi ikashambuliwa na kuchomwa, wanawake na watoto wakafa. Familia ya Rockefeller, yenye hisa kubwa katika kampuni ya migodi, ikamwajiri Lee huyo huyo. Akasambaza vijarida vyenye habari zisizo za kweli kuhusu viongozi wa wafanyakazi, na alipohojiwa mbele ya tume akakubali kwamba alizipokea kutoka kwa wenye migodi bila kuzichunguza. Mtu yule yule, kalamu ile ile. Aliruka hatua ya kwanza ya Marston, ile mliyoiandika juu kabisa daftarini.

Utanijibu kwa Tylenol, ile dawa ya maumivu, nakujua. Kweli, mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago kwa vidonge vilivyotiwa sumu ya sianidi, na Johnson & Johnson, wenye dawa hiyo, wakaondoa madukani chupa kama milioni 31, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100. Wakasema wazi, wakabadilisha na ufungaji wa chupa, na wateja wakarudi. Mfano mzuri. Ila naogopa mnavyofundishwa muutumie: sema ukweli kwa sababu ukweli utakurudishia soko. Je, usiporudisha? Mimi haukunirudishia cheo. Yule mama wa stendi alistahili kuijua tarehe, iwe inaisaidia mamlaka yetu au haiisaidii.

Na kwa nini kila mfano lazima uvuke bahari? Babu yako alikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Mmesikia akiisimulia, mkacheka kwa namna alivyokuwa akiitukuza ile redio ya mbao. Zaidi ya nusu karne baadaye bado naona ni somo kuliko nusu ya vitabu vyangu. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi wakasikiliza Radio Tanzania: malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu. Lakini kipindi kilikuwa robo tu ya kazi. Redio ikizimwa, kitabu kidogo kinasomwa, kisha babu yako anauliza: hili kwetu likoje? Watu wanabishana. Wanakubaliana watakachofanya kabla ya kukutana tena: kufyeka majani, kuchimba choo, kufukia madimbwi. Choo cha nyuma ya nyumba ya babu kilichimbwa wakati ule, nacho hakikuchimbwa na tangazo, kilichimbwa na ubishi wa jioni nzima kati ya babu yako na jirani yake kuhusu upande upepo unakotoka.

Grunig na Hunt, hao wataalamu wa uhusiano wa umma wa 1984 mtakaoulizwa kwenye mtihani, wanaweka juu kabisa mawasiliano ya pande mbili, ambayo taasisi nayo inakubali kubadilika kwa inachosikia. Andika hivyo upate alama zako. Ila ukiandika, mkumbuke babu yako akiuliza "hili kwetu likoje?" na kunyamaza hadi wa mwisho aseme.

Sasa niende kwenye swali lako, maana mama yako amepita hapa akauliza kama nimeshalijibu.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na jibu. Nilitaka kukwambia nenda halmashauri, kwa sababu huko shida za watu zina sura na unakutana nazo mlangoni. Kisha nikakumbuka vitengo nilivyovijua ambavyo kazi yao ilikuwa kumpiga picha mkuu akikata utepe, mwaka mzima, na lalamiko hata moja halikufika mezani kwao. Nikafikiria kampuni ya simu: kule kuna ukumbi mzima wa vijana wanaopokea simu za wateja kutwa, na ukikaa kati yao mwezi mmoja utajifunza kusikiliza kuliko mimi nilivyojifunza kwa miaka. Lakini vijana hao na wanaoandika taarifa huenda hawajawahi kukaa chumba kimoja. Nimegeuka hivyo mara nyingi tangu jana. Posho nayo si jambo la kubeza. Karo ya mdogo wako tunaijua sote.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga simu kote kuwili kabla hujachagua. Uliza lalamiko la mwananchi linaingilia wapi, nani analisoma, na likishasomwa linakwenda kwa nani. Uliza taarifa inapotoka nani anaweza kuibadilisha, na jina la nani linakaa chini. Wakikucheka, nalo ni jibu. Na popote utakapokwenda, omba wiki ya kwanza ukae na anayepokea simu, si na anayeandika.

Mama yako anasema nikuache uchague mwenyewe, kwamba mimi nilichagua bila kuulizwa na baba yangu na sasa nataka kuchagua mara ya pili kupitia kwako. Namheshimu kwa hilo na nimejizuia. Barua ya chuo inataka jibu Ijumaa. Jina la mahali ninalo moyoni, na ukinipigia kabla ya hapo ukaniuliza tena, sidhani kama nitaweza kulinyamazia.

Baba yako