Kidole cha Baba Kwenye Mizani

SWALI: Leonard Mambo Mbotela alipofariki Februari 2025, nilizima jiko, nikakaa kitako nikalia. Mume wangu akanicheka: "Unamlilia mtu ambaye hata hakujui?" Tangu siku hiyo naona haya kumtaja. Hivi kweli mtangazaji wa redio anaweza kuwa mtu wako?
Mama wa watatu, Nakuru

JIBU: Dada yangu, mpe shemeji salamu zangu, kisha umuulize: kumcheka mtu anayelia msiba, je, huu ni ungwana?

Wengi wanamkumbuka Mbotela kwa tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi walipomtoa nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze kwenye Sauti ya Kenya kwamba serikali imepinduliwa. Wengine wanamkumbuka kwa kutangaza mpira. Mimi namkumbuka kwa kilo ya sukari.

Baba alikuwa na duka dogo Voi. Redio ilikaa juu ya kabati la vioo, mgongo umefungwa kwa mpira wa baiskeli, na betri zikichoka tulizianika juani. Siku moja, "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi cha Mbotela cha adabu na utu, imetoka tu kuisha, akaja mteja wa sukari. Baba akamimina kwenye mizani, na kidole chake cha mwisho kikajilaza ukingoni mwa sahani, kama kawaida. Sisi watoto tulikijua kile kidole. Mama alikigombania miaka, hakufua dafu. Siku hiyo alikuwa mlangoni akichagua mchele, wala hakuinua kichwa. Akasema tu, kwa mvuto ule ule wa Mbotela: "Jeee, huu ni ungwana?"

Mteja akacheka, akidhani anaigiza redio. Baba hakucheka. Kidole kikaondoka. Akaongeza kijiko cha sukari, kisha kingine.

Miaka mingi baadaye nikajua kwamba Mbotela alitoka kwa wazee wa Freretown, Mombasa, walikowekwa watumwa waliokombolewa. Nikalirudia lile neno. Zamani huko pwani muungwana alikuwa yule asiye mtumwa. Ungwana ulizaliwa nao, la sivyo huna. Na huyu, wa ukoo wa waliokombolewa, ndiye aliyeshika maikrofoni tangu 1966 akituuliza sote, wenye maduka na wanaokopa, kama tunao. Anakusimulia kisa, anakuuliza, anakuachia. (Si kila mara nilikubaliana naye. Kwa vijana nilimwona mkali kidogo.)

Kwa hiyo ndiyo, dada, alikuwa mtu wako. Lia bila haya. Na kama yuko mtangazaji mwingine aliyekulea na bado yu hai, mwandikie wiki hii hii, umtajie kipindi na alichokufanyia. Mimi nilichelewa. Barua yangu kwa Mbotela ilianza, "Mzee, baba yangu alikuwa akiwapunja watu sukari," nikaona aibu kuimalizia.