Barua kwa mwanangu: kwanini sikutuma tu hela ya madawati

Neema mwanangu,

Hujambo mama. Mimi sijambo, magoti yamerudi hali yake na ngozi ya pua imemaliza kubanduka. Meseji yako ya juzi usiku niliiona, nikaisoma mara mbili afu nikaweka simu chini kwasababu sikutaka kukujibu juu juu. Uliniuliza hivi: "Mama, kila mtu si angetuma tu hela kwa simu madawati ya shule yakanunuliwa, kuliko kukaa siku 13 juani kwenye baiskeli toka Dar mpaka Butiama mnapishana na malori? Na mwakani unaenda tena?"

Ngoja nianze na hela maana ndo ulipoanzia. Tuliomba michango miezi miwili mizima kabla ya kutoka Dar, namba tukaiweka kwenye magrupu yote, la kanisani, la walimu, la ukoo, watu wakajibu Mungu awatangulie, na alfajiri ya tarehe 1 Oktoba tunaondoka Kimara tulikuwa na milioni mbili na kidogo. Tulipofika Gairo ikawa tatu, ile siku ya kupumzika Dodoma nne na nusu, na tunaingia Mwanza tulikuwa tumevuka nane. Watu walewale, namba ileile, na njiani hatukuomba tena hata mara moja, tulikuwa tunatuma picha jioni na kusema leo tumelala wapi. Na wewe mwenyewe Neema, sikusemi mwanangu, wewe ulituma siku ile ya Manyoni nilipokupigia sauti imekauka nikakuambia upepo umetusukuma mgongoni toka Dodoma mpaka Bahi nimeipita sijajua. Namba ulikuwa nayo tangu Agosti. Ulituma ulipoanza kuniwaza. Basi na wengine hivyohivyo.

Na kama kuna mtu huko kakuuliza, mwambie chakula, gesti na dizeli ya gari la mizigo kila mtu alijilipia mfukoni kwake, kwenye hela ya madawati haikuguswa hata mia. Wazo lenyewe hatukulitoa hewani, si unaijua ile Twende Butiama, msafara wa baiskeli unaotoka Dar kwenda kwa Mwalimu Nyerere tangu 2019, wanapanda miti na kuchangia madawati, sisi tukasema hata watu 17 wanaweza kufanya kadogo kao, shule moja tu, madawati 84.

Sasa kuna kitu sikukuambia, na nakiandika hapa kwasababu umetaja malori.

Siku ya nane tulikuwa tunatoka Singida kwenda Igunga. Asubuhi nzuri, mawe yale makubwa ya Singida yamebebana, baridi kidogo, tukaenda mpaka Sekenke ambapo barabara inashuka mlima kwa kona kona na unaiona mbuga ya Wembere kule chini imelala bapa mpaka macho yanaishia, haina mti wa maana, nyasi zimekauka zote. Nilikuwa nashuka nimebana breki mpaka vidole vinauma, lori likaja nyuma yangu na lingine linapanda mbele, la nyuma likapiga honi, nikaona hapa sina barabara tena, nikatoka nje ya lami kwenye changarawe. Gurudumu la mbele likateleza, nikaangukia kiwiko cha kushoto. Helmeti ilipata ufa wa urefu wa kidole changu. Lori halikusimama. Lile shati la mikono mirefu ulilolisifia kwenye picha za Nzega ndo nilifichia bandeji, nisamehe mama, baba yako nae nilimwambia nilipofika nyumbani.

Kwahiyo kwenye malori uko sahihi kabisa na siwezi kubishana na wewe. Tulikaa kikao Igunga usiku uleule, tukakubaliana kwamba milima kama ile tunashuka kwa mguu tunasukuma, na gari letu linakaa nyuma ya mtu wa mwisho taa zinawaka, sio linatangulia kutafuta gesti kama lilivyokuwa linafanya. Ilibidi tulijue hilo toka Dar.

Ila ningekuwa sijaanguka nisingekutana na yule fundi wa Shelui, na yeye ndo jibu langu hasa.

Baiskeli ilishushwa na gari mpaka Shelui pale chini ya mlima. Ringi imepinda, spoku mbili zimekatika, tyubu ina pancha. Fundi amekaa chini ya mwarobaini, mtu mzima wa makamo, tukasalimiana Kisukuma akafurahi. Akaigeuza baiskeli kichwa chini, akatoa tairi kwa mikia ya vijiko viwili, tyubu akaijaza upepo akaizamisha kwenye beseni la maji yenye rangi ya chai, anaizungusha taratibu mpaka vipovu vikatoka sehemu mbili. Akakausha na upindo wa shati lake, akakwangua na msasa, kiraka akakata kwenye tyubu mbovu ya pikipiki, akapaka gundi akawa anaipuliza kwa mdomo. Hana haraka. Ringi nayo akainyoosha kwa kidole gumba, yani anakiweka kidole pembeni, anazungusha gurudumu, ikigusa kidole anakaza spoku ya upande wa pili, anazungusha tena, nilikaa nusu saa namwangalia nikasahau kiwiko.

Akauliza, mama mmetoka wapi na hii? Nikamwambia Dar es Salaam. Akaniangalia, akaiangalia baiskeli, akaendelea kukaza. Baadae ndo akauliza mnafuata nini, nikamweleza habari za madawati. Akasema wa kwake wa pili yuko la tatu, anakaa chini sakafuni, sketi ni moja, mama yake anaifua kila jioni ikaukie ndani. Nikauliza bei gani fundi, elfu tatu. Nikampa elfu tano, akanirudishia elfu mbili yangu, afu ile elfu tatu akaiweka juu ya daftari letu la michango akasema andika. Nikamwambia baba hii ni kazi yako umefanya, akasema tena, andika.

Yule mtu Neema hayupo kwenye grupu lolote letu. Namba yetu hana na angekuwa nayo asingetuma, angetuma kwa nani, watu wa Dar hawajui. Alitoa kwasababu alinishika gurudumu akaona nimekuja nalo. Daftari la barabarani lilifika laki nne na elfu kumi na mbili na mia tano, ndogo ukilinganisha na za simu, lakini ni mia tano mia tano za watu wa Kibaigwa, wa Kintinku, wa Ikungi, kuna bibi mmoja alitoa karanga sado nzima akakataa picha.

Kesho yake tulipotoka Igunga kuelekea Nzega tukaingia ndani kwenye ile shule. Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka 31, nilidhani nimeona kila kitu, hata ile 2016 elimu bila ada ilipoanza darasa likajaa mpaka mlangoni na nchi nzima tukawa tunakimbizana na madawati. Ila nilikuwa nimeshaanza kusahau. Mtoto anayeandikia pajani herufi zake zinapanda mlima, "a" inakuwa kama yai limekanyagwa, na sio kwamba hajui, ni goti linacheza. Mwingine analala kifudifudi kabisa, akikohoa mstari unakatika. Nikachukua daftari za watoto watatu nikajua bila kuuliza nani anakaa karibu na ukuta, maana wa ukutani anaegemea mgongo na mwandiko wake umetulia.

Fuso ikafika saa sita na madawati, watoto wanne wanne wakawa wanayabeba wenyewe, hawakusubiri mtu. Kuna kabinti kamoja kalikaa, kakaweka viganja viwili juu ya ubao, afu kakalaza shavu, vanishi bado inanatanata, kakakaa hivyohivyo kimya na kelele zote zile. Hiyo picha sikupiga.

Kutoka Shinyanga nilikuwa nyumbani. Pale mjini baiskeli za abiria wenyewe wanaziita daladala, na barabarani wamama wanakupita na madumu mawili ya maji nyuma na mtoto mgongoni, wanakusalimia wanaenda zao. Mimi nilijifunzia kwenye baiskeli ya babu yako kule Magu, ile ndefu yenye mwamba, nikipitisha mguu katikati ya fremu maana kwenye siti sifiki. Tulipopita Magu nilisimama. Babu yako alikuwa ananisimulia kwamba Oktoba 1967 alisimama hapohapo barabarani kumuona Mwalimu anapita kwa miguu, ametoka Butiama anaenda Mwanza kwenye mkutano mkuu wa TANU, wakati ule watu walikuwa wanatembea nchi nzima kuliunga mkono Azimio la Arusha, na kijana Seti Benjamin alifia njiani akitembea kutoka Arusha kwenda Dar. Rais angeweza kupanda gari, au ndege. Babu alikuwa akifika hapo anasema, nilimuona viatu vyake vina vumbi, na alikuwa anaisema kama vile ni jana. Mimi nimekua na hilo vumbi mwanangu. Usiku wa tarehe 12 tulilala Lamadi, kesho yake jioni tuko Butiama, na tarehe 14 asubuhi nikasimama kaburini kwake nikamwambia kimoyomoyo nimekuja kwa baiskeli ya babu Magu, japo ilikuwa nyingine.

Mwakani naenda. Sio ubishi, nimeshaongea na daktari, presha iko sawa na kiwiko kinakunjika chote. Kuna shule nyingine ya jirani na ile, mwalimu mkuu wake alikuja kutuona, anahitaji madawati 60.

Na wewe nakuomba kitu. Uchukue likizo ya siku mbili tu, usije Dar, panda basi mpaka Lamadi utukute hapo tumalize wote, barabara inapita pembeni ya Serengeti na ukiwa na bahati unaona pundamilia wako ng'ambo ya mtaro. Gari letu litakuwa nyuma yako. Baiskeli ninayo ya kukuazima ila lazima niiweke sawa na wewe, kwahiyo simama peku ukutani, chukua futi kamba, pima kuanzia msambani mpaka sakafuni, unitumie hiyo namba.

Mama yako