Rafu ya Vitabu: Saspekti Namba Moja Anaishi Chumba cha Sita

Wiki hii barua tatu zimekuja na zote ni za hizi hadithi za watoto wapelelezi, wale marafiki watatu wanne na mbwa wao ambao wanajua kuku wa kijiji wameenda wapi kabla chifu amalize chai. Nimejibu zingine kwa urefu, zingine chapchap, mtanisamehe.

SWALI: Anti, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Msichana wangu ana miaka 10. Tangu binamu yake amletee vitabu vya wapelelezi hatuna amani. Ameunda kikundi na wenzake wawili hapa ploti, wako na kadaftari, wanaandika namba za bodaboda, nani ameingia, nani ametoka. Sasa juzi mama mmoja akaokota hiyo daftari pale mferejini akaisoma kwa sauti watu wakiteka maji: "SASPEKTI NAMBA 1, baba wa chumba cha 6. Anatoka saa tatu usiku na mfuko mweusi. Anarudi asubuhi amechoka. Anaficha kitu." Anti, huyo baba ni soja wa usiku! Kwa mfuko kuna koti na thamosi ya chai. Tangu siku hiyo hanisalimii. Nichome hivi vitabu ama nifanye aje? – Mama wa Kondele

JIBU: Pole mama, ingawa nikisema sikucheka nitakua naongopa. Usichome kitu. Hebu soma tena vile ameandika: saa, chumba, rangi ya mfuko, vile mtu anakaa akirudi. Hayo yote aliyaona kweli, na kuna watu wazima wanaitwa mashahidi hawawezi kukupa hata nusu yake. Makosa iko kwa ile sentensi ya mwisho peke yake, "anaficha kitu", hiyo hakuiona mahali, aliongezea. Sasa mkalishe na penseli, apige mstari mnyoofu chini ya kile aliona na mstari wa mawimbi chini ya kile alidhani, daftari yote, ukurasa kwa ukurasa. Atajionea mwenyewe mawimbi ni mengi aje.

Kuhusu jirani, aende yeye mwenyewe kuomba msamaha, wewe usimame nyuma tu. Aende kama saa kumi jioni, mtu wa kazi ya usiku analala mchana, ukimwamsha saa sita mtaharibu zaidi. Na asiende mikono mitupu, hata ndizi za mia ni sawa. (Huyo mama aliyesoma daftari ya mtoto kwa sauti mferejini naye anahitaji kuongeleshwa, lakini hiyo ni barua ya siku ingine.)

Halafu wape kesi. Watoto hawa wanatafuta kitu cha kutegua na kama hakuna watarudi kwa majirani. Mimi ningewapa gugumaji, ile mimea ya kuelea hapo Ziwa Victoria. Asubuhi moja unafika ufuo wa Dunga unakuta umefunikwa kijani, boti hazitoki, unarudi siku ingine maji ni meupe kabisa. Nani amehamisha? Hiyo mimea inaelea, mizizi yake inaning'inia kwa maji bila kushika chini, kwa hivyo upepo unaisukuma tu vile unataka. Na upepo wa ziwa hili uko na tabia zake, mara nyingi usiku mpaka alfajiri unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka. Hayo usiwaambie! Waache wafunge kamba ya plastiki kwa fito hapo ploti, waandike asubuhi na jioni inapepea wapi, wiki mbili hivi, na Jumamosi uende nao Dunga walinganishe. Uende nao, nimesema, wasiende ziwani peke yao hata kama wale wa kitabuni wanalala kisiwani bila mzazi. Na waelewane na wewe kabisa: wakiona kitu kibaya kweli, mtu anaumizwa ama mtoto anaitwa na mgeni, hiyo kesi ni yako saa hiyo hiyo, si ya daftari.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa gredi ya 5 huku Luanda, Vihiga. Niliwaambia wanafunzi waandike hadithi ya fumbo la kijijini. Insha 38, na zote zinaisha hivi: polisi wanakuja na Landrova wanashika mwizi, ama ilikua ndoto, ama ni mchawi. Nitawasaidia aje? – Mwalimu

JIBU: Mwalimu, shida yako iko hapo mwanzo ingawa inaonekana mwisho. Mtoto ameanza kuandika kabla ajue nani aliiba, akifika ukurasa wa tatu amekwama, so anaita polisi. Waambie waanze na mwizi na alama moja ambayo aliacha, halafu warudi nyuma.

Jaribu hii nao kwa ubao. Ndizi zinaibiwa kwa shamba la mama mmoja mzee, mkungu mmoja kila wiki, na usiku wa wizi kulinyesha. Kijiji chote kinanyooshea kidole yule mzee wa baisikeli ya Black Mamba anayebeba miwa, juu nani mwingine ana baisikeli ya kubeba mkungu? Watoto wanaenda kwa njia wanakuta alama ya tairi kwa matope, na kila baada ya umbali fulani kuna mstari umekata njia, kumaanisha hilo tairi lilipasuka likafungwa na mpira. Tairi likizunguka mara moja, mstari unarudi mara moja. Wanapima na kamba, sentimita 160.

Hapo chukua chaki. Gurudumu la Black Mamba ni inchi 28, karibu sentimita 71, zidisha na 22/7 unapata kama 223. Haiingiani! Mzee hana hatia. Lakini la inchi 20 ni karibu sentimita 51, zidisha, unapata 160. Hiyo ni baisikeli ya mtoto. Utaona vile darasa litanyamaza, na hesabu umefunza bure.

Sasa ile sehemu ngumu. Hiyo baisikeli ndogo lazima ipite mbele ya msomaji mapema, ukurasa wa kwanza ama wa pili, tuseme fundi amekaa chini ya mti anafunga tairi na kipande cha mpira huku watoto wanabishana mambo ya mpira wa miguu. Msomaji aione asiijali. Ukiileta mwishoni tu umemwibia. Mwenye baisikeli ni nani na kwa nini mtoto anahitaji ndizi usiku, waachie wanafunzi, wako na majibu kukushinda.

Polisi waje wakitaka, lakini wakute kesi imeisha.

SWALI: Hizi hadithi zilianza wapi, na za Kiswahili ziko? Kijana wangu ana miaka 9. – Baba, Nakuru

JIBU: Moja ya zile zilifungua njia ni ya Mjerumani Erich Kästner, mwaka wa 1929, mtoto ameibiwa pesa kwa treni akienda Berlin na watoto wa mtaa wanamwandama mwizi. Kinachomfunga huyo mwizi ni vishimo vya pini, mtoto alikua amebania noti ndani ya koti. Mwalimu wa Luanda, umeona? Halafu Enid Blyton kule Uingereza akaanza wale watoto wake wanne na mbwa 1942, mpaka 1963 vitabu 21.

Kiswahili tunaanzia kwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na mpelelezi wake Bwana Msa mwenye kiko, kitabu cha kwanza kilitoka 1960. Ni kitamu lakini kina mauaji na lugha nzito, mwekee mpaka afike sekondari. Kwa wa miaka 9, ukienda dukani fungua kurasa tatu za mwisho. Ukikuta mtu mzima ndiye anaeleza kila kitu na watoto wamekaa wanasikiza, rudisha kwa rafu uchukue kingine.