Barua kwa mwanangu: kwa nini walimsikiliza yeye

Marahaba, mwanangu. Unauliza kwa nini, katika kikao cha kuajiri mtunza stoo, neno moja la mwenzako, kwamba "vijana wa pwani ni wavivu", lilimshusha alama mwombaji mwenye uzoefu wa miaka sita, ilhali wewe uliyewasomea wajumbe vyeti vyake hukusikilizwa.

Nilipokuwa mzee wa baraza katika Mahakama ya Mwanzo, nikiketi na hakimu kuamua kesi, kijana mmoja mpiga debe alishtakiwa kwa wizi wa baiskeli. Tulipokaa faragha na hakimu, mzee mwenzangu alisema, "Wapiga debe tunawafahamu," akafunga daftari lake. Hakutaja ushahidi wowote, nami nikajikuta naitikia kwa kichwa kabla sijakumbuka kwamba shahidi wa pekee alikiri kulikuwa na giza. Maneno yale nilikuwa nayo moyoni tangu zamani. Yeye aliyaamsha tu, nami nikadhani uamuzi ni wangu.

Mwaka 1947 wanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walieleza jaribio lao la picha ya abiria ndani ya treni, ambamo Mzungu ameshika wembe akikabiliana na mtu mweusi. Habari ya picha hiyo ilipopitishwa kwa mdomo kutoka mtu hadi mtu, mara nyingi wembe ulihamia mkononi mwa yule mweusi, na wala si kwamba wasimulizi walikusudia kudanganya.

Hata hivyo, msemaji wa namna hiyo hulipa gharama. Yule mzee alikuwa na busara nyingi, lakini tangu siku ile kila alipotoa maoni nilijiuliza kama anamzungumzia mshtakiwa au kundi lake, na hata aliposema kweli nilichelewa kumwamini. Naliona hilo kuwa hasara kwake na kwa mahakama.

Aliyetunusuru ni hakimu. Aliuliza kwa upole, "Mzee, shahidi alimtambuaje kijana huyu?" Tukarudi kwenye mwenendo wa kesi, tukasoma maneno yale ya giza, tukamwachia huru. Angemwita mwenzangu mbaguzi, nadhani sote tungemtetea, kwa kuwa tulikwisha kuitikia.

Kama barua ya ajira haijatoka, mwombe mwenyekiti leo alama za mwombaji huyo zipitiwe upya, na kila mjumbe aeleze aliona nini kwenye vyeti vyake.

Baba yako