Grisi nyepesi kwenye beringi za kinu: umeme unapungua kweli?

Mama aliyeuliza kutoka Katuba anataka kujua kama grisi ya msuguano mdogo itampunguzia gharama ya umeme kwenye kinu chake cha mahindi, na kama fundi wake anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa kulainisha grisi ya kawaida kwa mafuta ya injini. Mimi ninahudumia mota na pampu hapa Lubumbashi na nimeshiriki kulinganisha grisi kadhaa katika karakana yetu, kwa hiyo nitaanza na swali la pili: mama, mkataze.

Grisi ni mafuta yaliyoshikiliwa na nyuzi nyembamba sana za sabuni, mara nyingi sabuni ya lithiamu, madini yaleyale ya Manono, hapa Kongo, ambayo, tangu betri zianze kuyagombania, yamewafanya watengenezaji wengi wageukie sabuni za kalsiamu. Nyuzi hizo huachia mafuta kidogo kidogo pale yanapohitajika. Ukiongeza mafuta ya injini unavuruga uwiano huo, grisi inavuja kupitia kwenye sili (vizibo vya pembeni mwa beringi), na vumbi la unga linaingia. Vivyo hivyo usichanganye grisi mbili tofauti: ile ya poliurea, ambayo haishikiliwi na sabuni na inatumika sana katika mota za umeme, mara nyingi haipatani na ya lithiamu.

Jambo linalowachanganya mafundi wengi ni kwamba namba 2 iliyoandikwa kwenye kopo hueleza ugumu wa grisi, wala haisemi chochote kuhusu mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa mafuta yaliyomo ndani, ilhali mnato ndio unaoamua msuguano na maisha ya beringi. Chukua beringi ya 6312 (hiyo ni namba ya ukubwa wake) inayozunguka mara 1500 kwa dakika: ili utando wa mafuta utenganishe chuma na chuma, inahitaji mnato wa sentistoksi (kipimo cha mnato) 12 hivi katika joto la kazi. Mafuta ya daraja la 220, yaani yenye mnato wa 220 kwenye nyuzi joto 40, yakiwa kwenye nyuzi joto 70 yana takriban 50, yaani zaidi ya mara nne, na ziada hiyo huliwa na msuguano bila faida. Ya daraja la 100 yana takriban 27, na hayo ningeyachagua. Ya daraja la 46 yana 14 au 15, yanatosha kwa shida, lakini joto likifika 90 yanashuka hadi 8 hivi na chuma kinaanza kugusana. Hapo umeokoa umeme kidogo na kununua beringi mpya.

Ndiyo maana wanaobuni grisi za kuokoa nishati hawapunguzi mnato tu. Hutumia mafuta ya sintetiki, ambayo mnato wake haubadiliki sana kwa joto, hivyo mota huwaka bila kukazana katika asubuhi za baridi za mwezi wa Juni na bado utando unabaki mchana. Grisi nyeusi ya molibdeni, inayopendwa na mafundi wa malori, inafaa viungo vinavyokwenda polepole chini ya mzigo mzito. Mota ya kasi haiihitaji.

Hata hivyo, mama asitarajie muujiza kwenye bili. Mota yenye ufanisi wa 90% hupoteza sehemu kubwa ya ile 10% katika shaba na chuma chake, na fungu la beringi ni dogo. Kwa maoni yangu, hasara kubwa zaidi katika vinu vyetu inatokana na grisi nyingi mno: fundi hupiga pampu mpaka grisi itokee upande wa pili, beringi inaivuruga na kuchemka, na kupita nyuzi 70, kila ongezeko la 15 hupunguza maisha ya grisi kwa nusu. Wakati wa kuongeza, zidisha kipenyo cha nje kwa upana, vyote kwa milimita, kisha kwa 0.005, kwa 6312 ni 130 mara 31 mara 0.005, yaani gramu 20 tu. Beringi mpya ijazwe theluthi moja hadi nusu ya nafasi iliyo wazi.

Ukitaka kulinganisha grisi mbili, usitegemee ampea za mota isiyo na mzigo, kwa sababu nyingi kati yake ni za kujenga usumaku ndani ya mota, si za msuguano. Toa mkanda, endesha mota mpaka joto litulie, zima, kisha hesabu sekunde hadi isimame. Inayochelewa kusimama ndiyo yenye msuguano mdogo.