Imeili ya vitisho "imetoka California": nimpe fundi laki tatu anitolee jina?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni mweka hazina wa VICOBA yetu hapa Morogoro. Tangu nianze kuulizia mikopo ambayo haijarudi napata imeili za vitisho kutoka Gmail isiyo na jina, ya juzi imetaja mpaka shule anayosoma mwanangu. Kuna fundi simu hapa mjini alinitolea heda (ile mistari ya kiufundi iliyofichwa kwenye imeili) akaingiza IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) kwenye ramani akasema mtumaji yuko California, nikimpa laki tatu anaingia kwenye akaunti ya huyo mtu anapata jina na namba. Heda aliyoitoa nimekuwekea. Nimpe? Na kweli mtu wa imeili anaweza kujulikana?

JIBU: Pole sana dada. Hela usimpe, hata mia. Nimeisoma hiyo heda yote na hiyo California naijua vizuri, ni nyumbani kwa Google sio kwa adui yako.

Heda inasomwa kutoka chini kwenda juu, maana kila seva inayopokea ujumbe inagonga mhuri wake juu ya mhuri wa aliyetangulia, ndo ile mistari inayoanza na neno Received. Sasa fundi wako kaona 209.85.167.41 akakimbilia ramani, ila angesoma mstari mzima angekuta pembeni ya hiyo namba pameandikwa mail-lf1-f41.google.com, yani ni seva ya Google inaikabidhi seva nyingine ya Google, na kila Gmail duniani inapita kwenye mashine kama hizo hata kama aliyeandika yuko Msamvu stendi. Ile nyingine ndefu inayoanza na 2002:a05 usihangaike nayo kabisa, inaonekana kama IP lakini ukiifumbua ndani yake kuna namba ya 10.5, ambayo ni anwani ya ndani ya mtandao wa Google wenyewe, kwenye ramani haipo popote.

Ukweli mchungu ni huu, Gmail ikitumwa kwa simu au kwenye brauza haiweki IP ya mtumaji kwenye heda. Zamani Hotmail na Yahoo walikuwa wanaiweka wazi, ndo maana mafunzo mengi ya kwenye intaneti bado yanakwambia "tafuta IP tu utampata", yamepitwa na wakati. IP ya mtumaji unaweza kuiona kama alitumia programu ya pembeni kama Thunderbird, ila wa kwako Message-ID yake, yani namba ya utambulisho wa ujumbe, inaishia na @mail.gmail.com kwa hiyo aliandikia ndani ya Gmail yenyewe.

Lakini heda yako sio tupu. Pale kwenye Authentication-Results, mstari wa majibu ya ukaguzi, DKIM (saini ya kidijitali ya seva iliyotuma) imeandikwa pass, maana yake imeili imetoka kweli kwenye akaunti ile, hajaghushi anwani kama wale matapeli wanaokutumia ujumbe kwa jina lako mwenyewe eti wamekurekodi kwa kamera wanataka bitcoin (hao wanatuma kwa maelfu ya watu, futa ulale). Halafu mstari wa Date una +0300, yani masaa matatu mbele ya saa za kimataifa za UTC, ndo saa za kwetu Tanzania. Google wao wanagonga saa za kwao, -0700 au -0800, hiyo +0300 imetoka kwenye kifaa cha mwandishi. Sio ushahidi wa mwisho, Riyadh na Moscow nao wako saa hizo hizo na mtu anaweza kubadilisha saa ya kompyuta, ila ukiunganisha na mtu anayejua mikopo ya kikundi chenu na shule ya mtoto... huyo sio mzungu wa California dada.

Sasa anayejua ni nani? Google. Ana kumbukumbu za IP zilizoingia kwenye ile akaunti na saa zake, pengine na namba ya simu iliyotumika kuifungua, na laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ila Google hatakupa wewe wala mimi, anawapa polisi wakifuata taratibu, na pale maisha ya mtu yakiwa hatarini wana njia ya dharura ya kuomba, ndo maana hilo la shule ya mtoto ulitaje mapema kwenye maelezo yako. Jua pia IP yenyewe haitoshi, mitandao ya simu inawafungia wateja wengi nyuma ya IP moja kwa wakati mmoja, bila saa kamili mpaka sekunde na namba ya poti (inayotofautisha wanaotumia IP moja) kampuni ya simu itamwambia mpelelezi kwamba hapo kuna watu kibao chagua mwenyewe.

Watu hawa wanakamatwa kwa kulinganisha orodha. Marekani 2012 kulikuwa na mama mmoja Florida anatumiwa imeili za vitisho na mtu asiyejulikana, FBI walichukua IP zilizoingia kwenye zile akaunti wakakuta ni za hoteli za miji tofauti, wakachukua majina ya wageni wa kila hoteli kwa tarehe zile wakaangalia nani anajirudia. Likabaki jina moja, la mwanamke, na uchunguzi ule ule ndo ukafichua mapenzi yake ya siri na David Petraeus, yaliyomng'oa Petraeus ukurugenzi wa CIA. Desemba 2013 mwanafunzi wa Harvard akatishia bomu ili mtihani uahirishwe, alijificha kwa Tor (mtandao unaoficha IP) na imeili ya muda, lakini alitumia waifai ya chuo, na chuo kinajua nani alifungua Tor kwenye mtandao wake dakika zile. Kujificha alijificha vizuri tu, shida ni kwamba waliojificha pale walikuwa wachache.

Kwa hiyo kazi yako wewe ni kutunza ili wengine waweze kulinganisha. Usifute hata moja, ukifuta Gmail inazimaliza ndani ya siku 30. Skrinshoti peke yake ni dhaifu na ukifowadi heda ya asili inapotea, fungua kwenye kompyuta, bonyeza vile vitone vitatu kisha Show original, pakua faili la .eml (imeili nzima pamoja na heda yake) la kila moja weka kwenye flashi. Andika kwenye daftari kila imeili ilikuja saa ngapi na siku hiyo kikundi kilikuwa na nini, kikao au marejesho, mtaona kitu. Usimjibu, na usimtaje mtu unayemshuku kwenye grupu la WhatsApp, ukikosea kesi inakugeukia wewe. Nenda kituoni na flashi ukachukue RB (namba ya taarifa yako polisi), waambie ni kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote, na uombe jalada lifike kwa wapelelezi wa mtandao. Haraka, kumbukumbu za mitandao hazikai milele. Kabla ya kituoni pitia shuleni, mwalimu ajue nani anaruhusiwa kumchukua mtoto.

Ila kuna kitu kimoja kwenye barua yako kimenishtua kuliko hata vitisho. Sheria hiyo hiyo inakataza kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa, hata ya mhalifu, na huyo fundi anasema atafanya hivyo kama anauza kava ya simu. Na heda kamili aliipataje? Apu ya Gmail ya simu haina Show original, maana yake huenda alifungua imeili yako kwenye kompyuta yake pale dukani. Ulimpa paswedi? Ulimuona akitoka kwenye akaunti? Ingia sasa hivi kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, angalia vifaa vyako, ukikuta kompyuta usiyoijua iondoe, badilisha paswedi, washa uthibitisho wa hatua mbili, halafu angalia kwenye mipangilio ya Gmail kama hakuna anwani ngeni inayopelekewa nakala ya barua zako.